Gharama Isiwe Kisingizio cha Polisi Kutopashana Habari

Kila inapozuka hoja ya kuwalazimisha polisi wa Marekani kuweka taarifa zao za ubakaji katika daftari moja la taifa zima, huzuka papo hapo kundi la watu wenye vitabu vya hesabu mkononi. Watu hao hawasemi kwamba ubakaji si uovu, wala hawasemi wabakaji waachwe huru. Husema jambo moja tu, tena kwa sauti ya upole kama ya mhasibu: fedha hazipo, askari ni wachache, fomu ni ndefu, na kwa hiyo kazi hiyo ibaki kuwa ya hiari. Kwa kuwa hoja yenyewe imevishwa joho la hesabu, wengi huipokea bila kuidadisi. Yafaa basi idadisiwe kwa hesabu hizo hizo.

Msomaji aliyezoea nchi yenye Jeshi moja la Polisi chini ya Inspekta Jenerali mmoja hana budi kwanza kuielewa hali ya huko. Marekani haina jeshi moja la polisi. Ina vyombo vya polisi vipatavyo 18,000: vya miji, vya wilaya, vya majimbo, hata vya vyuo vikuu. Karibu nusu ya vile vya mitaa vina askari wasiofika kumi. Kila kimoja kina mkuu wake, bajeti yake, masijala yake na, kwa bahati mbaya, wivu wake. Mhalifu akivuka barabara inayotenganisha mji na mji, amekwisha vuka mpaka wa masijala, na jalada lake halimfuati.

Ugonjwa huu ulitambuliwa zamani. Mwishoni mwa miaka ya 1950 mpelelezi wa polisi wa Los Angeles aitwaye Pierce Brooks alitaka kujua kama mauaji aliyokuwa akiyachunguza yalikuwa na mfano wake mahali pengine. Hapakuwa na ofisi ya kumjibu. Ikambidi aende maktaba ya mji baada ya kazi na kufunua magazeti ya zamani, ukurasa baada ya ukurasa. Alipopendekeza kwamba kompyuta ingeweza kufanya kazi hiyo, aliambiwa kwamba kompyuta ni ghali mno. Kisingizio cha gharama, kwa hiyo, si kipya. Kina umri wa mtu mzima mwenye wajukuu.

Mwaka 1985 FBI, shirika la upelelezi la serikali kuu, lilifungua hatimaye daftari hilo huko Quantico, Virginia, na Brooks akawa kiongozi wake wa kwanza. Liliitwa ViCAP. Lilianza na mauaji, na baadaye likapokea pia taarifa za ubakaji. Nia yake ilikuwa kwamba askari wa mji mmoja aandike jinsi mhalifu alivyoingia, alivyosema, alivyofunga mikono ya mtu, alichochukua alipoondoka. Na askari wa mji wa mbali aliyeandika mambo yayo hayo aambiwe kwamba huenda wanamtafuta mtu mmoja. Lakini serikali haikumlazimisha mtu. Matokeo yake yalidhihirika mwaka 2015, chombo cha habari cha ProPublica kilipochunguza miaka 30 ya hiari hiyo. Kati ya vyombo 18,000, vilivyoshiriki vilikuwa kiasi cha 1,400. Taarifa zilizofika hazikufikia hata moja katika kila mia ya makosa ya nguvu yanayotendeka kwa mwaka. Na fedha zilizotengwa kwa mwaka mzima, kwa nchi yenye watu zaidi ya milioni 300, zilikuwa dola 800,000 hivi. Nchi iliyompeleka binadamu mwezini na kumrudisha salama inaambiwa haina uwezo wa kupeleka karatasi kutoka mji mmoja hadi mwingine.

Hasara ya hiari hiyo haihitaji kukisiwa. Mwezi Agosti 2008, katika mji wa Lynnwood, jimbo la Washington, msichana wa miaka 18 aliripoti kwamba mtu mwenye kisu aliingia chumbani mwake usiku, akamfunga na kumbaka. Wapelelezi hawakumwamini. Walimbana kwa maswali mpaka akayakana maneno yake mwenyewe, kisha akashitakiwa kwa kutoa taarifa ya uongo na kutozwa dola 500 za gharama za mahakama. Mwezi Oktoba mwaka huo huo, katika mji wa Kirkland usio mbali na hapo, mwanamke wa miaka 63 alishambuliwa kwa namna ile ile. Mlezi wa zamani wa yule msichana alisikia habari hiyo, akawapigia simu polisi wa Kirkland kuwaeleza kufanana kwa mambo hayo mawili. Polisi wa Kirkland wakawauliza wenzao wa Lynnwood. Wakajibiwa kwamba hapakuwa na kosa lolote, kwamba msichana alitunga. Jalada likafungwa kwa mara ya pili.

Mtenda makosa hayo, Marc O'Leary, aliyepata kuwa askari wa jeshi, akahamia Colorado. Kati ya mwaka 2009 na 2011 alishambulia wanawake katika miji minne inayouzunguka mji wa Denver: Aurora, Lakewood, Westminster na Golden. Miji minne, polisi wa aina nne, masijala nne. Hii haikuwa bahati nasibu. Baada ya kuhukumiwa aliwaeleza wapelelezi kwamba alibadilisha miji kwa makusudi, maana alijua kwamba polisi wa sehemu mbalimbali hawapashani habari. Mtu huyo alizijua kasoro za utumishi wa umma wa nchi yake kuliko wabunge waliopitisha bajeti yake. Tena alijua habari za vinasaba: aliwalazimisha wanawake hao kuoga, na shuka za vitanda akaondoka nazo. Wanaodai kwamba siku hizi maabara inatosha, na kwamba maelezo ya askari yamepitwa na wakati, wamjibu O'Leary kwanza.

Alikamatwaje basi? Mwezi Januari 2011 mpelelezi wa Golden, Stacy Galbraith, alirudi nyumbani akamweleza mumewe kesi mpya iliyomfikia siku hiyo. Mumewe alikuwa askari wa polisi wa Westminster. Akamwambia kwamba na wao wanayo kesi ya namna hiyo. Asubuhi yake Galbraith akamtafuta mpelelezi wa Westminster, Edna Hendershot, na wawili hao wakaanza kuunganisha majalada. Lakewood kulikuwa na kumbukumbu fupi ya gari aina ya Mazda lililoonekana limeegeshwa kwa namna ya kutia shaka karibu na nyumba iliyovamiwa. Gari hilo likawafikisha kwa O'Leary. Tangu siku ya shambulio la Golden hadi siku ya kumkamata hazikupita wiki sita. Katika picha alizokuwa amezificha walimkuta yule msichana wa Lynnwood, aliyekuwa ameitwa mwongo kwa zaidi ya miaka miwili. O'Leary alihukumiwa kifungo cha miaka 327 na nusu.

Wapelelezi hao wanastahili heshima zote. Lakini ni taifa gani linaloweka usalama wa wanawake wake juu ya mazungumzo ya mke na mume jikoni? Laiti Galbraith angekuwa ameolewa na mwalimu wa shule, au na mtumishi wa posta, jalada la Golden lingelala Golden na la Westminster lingelala Westminster. Mji wa Lynnwood baadaye ulimlipa msichana yule dola 150,000 kumaliza shauri lake. Wahesabu wapige hesabu hiyo: kosa moja la mji mmoja limekula kiasi cha karibu sehemu moja ya tano ya bajeti ya mwaka mzima ya daftari la taifa.

Jirani yao wa kaskazini alijifunza kwa uchungu, lakini alijifunza. Kati ya mwaka 1987 na 1990 mtu mmoja alibaka wanawake kadhaa katika eneo la Scarborough, Toronto. Paul Bernardo alihojiwa na polisi na kutoa sampuli za mwili wake mwezi Novemba 1990. Sampuli hizo zilikaa maabara zaidi ya miaka miwili. Majibu yalipatikana Februari 1993. Katika muda huo Bernardo alihamia upande wa Niagara, chini ya polisi wengine, na wasichana wawili wa shule waliuawa, mmoja Juni 1991 na mwingine Aprili 1992. Jaji Archie Campbell alipotoa ripoti yake mwaka 1996 hakutafuta koplo wa kumtwika lawama. Alionyesha kwamba askari walifanya kazi kwa bidii, lakini katika mfumo usiowaunganisha, na kwamba maabara ilikuwa imenyimwa watu na vifaa. Kwa maneno mengine, kulikuwa na fedha zilizookolewa, na wasichana wale ndio waliozilipa.

Serikali ya jimbo la Ontario haikuomba hiari tena. Kuanzia mwaka 1997 kanuni ya sheria iliwataka polisi wote wa jimbo hilo kujaza taarifa ya kila kosa zito la namna hiyo katika daftari la Kanada liitwalo ViCLAS, ndani ya siku 30. Na hapa ndipo penye fundisho ambalo wahesabu wa Marekani hulikwepa. Kanada haikutoa amri ikaishia hapo. Iliweka vituo vyenye wataalamu wanaosoma kila fomu, kuirudisha ikiwa na mapengo, na kufanya kazi ya kulinganisha. Wakati Marekani ilipokuwa ikitumia dola 800,000 hivi kwa mwaka, Kanada, yenye watu kiasi cha sehemu moja tu ya tisa ya watu wa Marekani, ilikuwa ikitumia kati ya milioni 14 na 15. Hakuna aliyesikia kwamba Kanada imefilisika kwa sababu hiyo.

Si kwamba gharama hazipo. Anayesema hazipo hajapata kukaa nyuma ya meza ya ofisi. Fomu ya kwanza ya ViCAP ilikuwa na maswali 189; ile ya Kanada ilipita 200. Kila mtumishi wa umma, na kila mwalimu aliyewahi kujaza ripoti ya mwisho wa muhula akiwa na madaftari ya wanafunzi 60 ya kusahihisha, anaelewa maana yake. Askari mmoja wa mji mdogo, mwenye zamu ya usiku na jalada la wizi wa baiskeli mezani, akipewa fomu kama hiyo na amri tu, atafanya mojawapo ya mawili: ataiweka kando, au ataijaza ilimradi imejazwa. La pili ni baya kuliko la kwanza. Utafiti uliofanywa Kanada mwaka 2008 uliwapa askari kisa kimoja wajaze fomu moja, na majibu yao yakatofautiana mno. Daftari lililojaa majibu ya kubahatisha humpeleka mpelelezi kwa mtu asiye na hatia na kumpitisha mbali na mwenye hatia. Kwa hiyo gharama halisi ya sheria hiyo ni watu: makarani waliofundishwa, wataalamu wa kulinganisha, na saa za askari zilizolipiwa. Kompyuta ndiyo sehemu ya bei nafuu.

Ipo na gharama ya pili, isiyopimwa kwa dola, nayo haifai kudharauliwa. Taarifa hizi zina siri za watu waliodhalilishwa. Zina pia majina ya watu waliotuhumiwa bila kuthibitishwa. Uingereza iliukabili mtihani huo baada ya mauaji ya wasichana wawili wa Soham mwezi Agosti 2002. Ian Huntley, aliyewaua, aliajiriwa kuwa mtunza shule ilhali polisi wa Humberside walikuwa wamewahi kupokea tuhuma kadhaa za kujamiiana dhidi yake. Kumbukumbu hizo hazikuhifadhiwa vema wala hazikuwafikia polisi wa Cambridgeshire alikoombea kazi. Tume ya Michael Bichard ilidai mwaka 2004 mfumo wa taifa wa kupashana habari za kipelelezi, na hifadhi ya taifa ya polisi ikafunguliwa mwaka 2011. Baadhi ya Waingereza walilalamika kwamba mtu asiyehukumiwa atabaki na doa. Lalamiko hilo ni la haki, na dawa yake ni masharti makali juu ya nani asome, kwa sababu gani, na jina lifutwe lini. Lakini wale wanaolitumia lalamiko hilo Marekani wasisahau kwamba doa lililompata msichana wa Lynnwood lilipakwa na polisi wasiojua ya wenzao.

Tuje sasa kwenye hesabu yenyewe. Utafiti uliochapishwa mwaka 2010 ulikadiria kwamba ubakaji mmoja huigharimu jamii ya Marekani zaidi ya dola 240,000, ukihesabu matibabu, kazi iliyopotea, kazi ya mahakama na magereza, na maumivu ya aliyetendewa. Kwa kipimo hicho, bajeti yote ya ViCAP ya mwaka ilikuwa sawa na gharama za ubakaji usiofika minne. Daftari likizuia manne kwa mwaka, katika nchi nzima, limekwisha jilipa.

Tena upo ushahidi wa karibu zaidi. Mwaka 2009 iligunduliwa kwamba ghala moja la polisi wa Detroit lilikuwa na visanduku zaidi ya 11,000 vya ushahidi uliochukuliwa miilini mwa waliobakwa, vimerundikwa bila kupelekwa maabara. Vilipopimwa hatimaye na matokeo kulinganishwa na kumbukumbu za vinasaba za taifa, vilionyesha watu zaidi ya 800 waliotuhumiwa kubaka zaidi ya mara moja. Katika wilaya ya Cuyahoga, Ohio, watafiti walipiga hesabu ya visanduku 4,347 vilivyopimwa, wakakuta kwamba baada ya kutoa gharama zote jamii iliokoa dola 8,893 kwa kila kisanduku. Kumbe kazi iliyoitwa ghali ilikuwa ikiingiza faida, na kuiacha ndiko kulikokuwa ubadhirifu.

Wapinzani wenye akili zaidi huacha fedha na kushika Katiba. Mwaka 1997, katika shauri la Printz, Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwamba serikali kuu haina mamlaka ya kuwaamuru masherifu wa majimbo kutekeleza kazi zake. Ni kweli. Bunge la taifa haliwezi kumwandikia mkuu wa polisi wa Lynnwood barua ya amri. Linaweza kutoa ruzuku yenye masharti, na majimbo yenyewe yanaweza kutunga sheria kama Ontario ilivyofanya.

Lakini ruzuku ndogo yenye sharti kubwa ni mzaha. Mwaka 2006 Bunge hilo lilipitisha Sheria ya Adam Walsh, iliyoyataka majimbo kuwaandikisha na kuwatangaza waliokwisha hukumiwa kwa makosa ya kujamiiana kwa utaratibu mmoja wa taifa; jimbo litakaloshindwa litakatwa asilimia 10 ya ruzuku fulani ya polisi. Texas ilikadiriwa kuhitaji zaidi ya dola milioni 30 kutekeleza, na kukatwa kama milioni 1.4 ikikataa. Texas ilikataa, na kwa hesabu hiyo nani angeilaumu? Majimbo mengi yalifanya vivyo hivyo. Wapo wanaokitaja kisa hiki kama ushahidi kwamba kulazimisha hakufai. Kinachoonyeshwa hapo ni kwamba serikali kuu ilitaka kununua kitu cha milioni 30 kwa tishio la milioni moja na nusu. Tena tazama ilichotaka kununua. Orodha ya waliokwisha hukumiwa ni orodha ya watu wanaojulikana. Hutangazwa, wapiga kura huiona, mbunge huisifia. Yule ambaye hajakamatwa, anayehama kutoka Aurora hadi Lakewood hadi Westminster, hayumo katika orodha hiyo; yumo katika majalada manne yasiyokutana, na majalada hayampi mbunge kura.

Kwa hiyo mabunge ya majimbo ndiyo yanayopaswa kubanwa. Yaifanye taarifa ya kila ubakaji wa mtu asiyefahamika kuwa ya lazima, ndani ya siku zilizotajwa katika sheria, pamoja na ile ambayo mpelelezi ameamua kwamba ni ya uongo. Maana ndiyo hiyo ya Lynnwood iliyohitajika kuliko zote. Fomu ipunguzwe mpaka askari aweze kuimaliza katika zamu yake. ViCAP yenyewe ilikwisha teremka kutoka maswali 189 hadi chini ya 100. Mji wenye askari saba usibebeshwe karani wake, bali karani alipwe na jimbo na ahudumie miji kumi. Serikali kuu nayo ilipe wataalamu wa kulinganisha huko Quantico kwa kiasi kinachofanana na ukubwa wa nchi: kwa kiwango cha Kanada, hiyo ni zaidi ya dola milioni 100 kwa mwaka. Wenye vitabu vya hesabu watashtuka kusikia tarakimu hiyo. Waigawanye kwa dola 240,000, waseme ni wanawake wangapi, halafu wasimame mbele ya wapiga kura wa Golden na Kirkland waitetee hiari.